Kuhani Atatazama

Masomo: Mambo ya Walawi 13:1-8, 2 Wafalme 20:1-7, Luka 10:30-37



 

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo labda hamkulitegemea katika ukurasa wa Neno la Mungu. Ni ishara za ugonjwa zinazoonekana wazi kwa macho. Sizungumzi juu ya magonjwa yaliyojificha ndani, ambayo hayajulikani mpaka mashine iyatafute. Nazungumza juu ya yale ambayo mama anayaona akimwogesha mtoto, na jirani anayaona akigonga mlango asubuhi. Nimekaa matangani mara nyingi katika mji huu, na neno moja nimelisikia tena na tena: "Tuliona, lakini tulifikiri itapita." Sikumbuki mtu aliyeniambia kwamba hawakuona. Waliona. Kwa hiyo leo tuulize: Mungu anataka nini kwa mtu ambaye macho yake yameona?

1. Mungu alimweka kuhani atazame

Sura ya 13 ya Mambo ya Walawi wengi wetu tunairuka. Imejaa habari za vipele, mabaka, vidonda na nywele zilizogeuka rangi. Mtu husema, hayo ni mambo ya zamani, sisi tuko chini ya neema. Lakini hebu tuisome polepole.

Mtu akiona kitu katika ngozi yake, uvimbe au kipele au alama inayong'aa, analetwa kwa Haruni au kwa mmoja wa wanawe. Na kuhani anafanya nini? Anatazama. Hapigi ramli. Hamuulizi ni nani katika ukoo anayemchukia. Anatazama rangi ya ngozi. Anatazama kama unywele umekuwa mweupe. Anatazama kama ugonjwa umeingia chini ya ngozi au uko juu tu. Na asipopata hakika, habahatishi. Anamweka mtu kando siku saba, kisha anamtazama tena. Kama bado hana hakika, siku saba nyingine.

Hapa tunajifunza mambo matatu. Kwanza, mwili una lugha yake, na Mungu aliona vema lugha hiyo isikilizwe, hata akaiandikia sheria. Pili, aliyeona ishara haifichi chini ya nguo, analetwa. Tatu, kuna mmoja aliyefundishwa kutamka ugonjwa ni upi, na si kila mtu. Jirani analeta, kuhani anatazama. Kazi hizi mbili tusizichanganye.

Bwana Yesu naye, alipowatakasa wenye ukoma, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 5:14; 17:14). Uwezo wote ulikuwa wake, lakini hakuona vibaya mtu aliyeponywa kwa mkono wake akatazamwe na macho ya mwingine.

2. Daktari mwenye jicho moja

Niwape mfano wa mji huu huu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mmoja mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwone mtoto wa miaka kama mitano. Mataya ya mtoto yalikuwa yamevimba upande wa kulia na wa kushoto, juu na chini. Burkitt hakujua ni nini. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja, akizunguka wodini, akatazama nje ya dirisha. Kwenye majani ameketi mama na mtoto wake, na uso wa mtoto umevimba vilevile.

Wapendwa, angeweza kuendelea na kazi yake. Alitoka nje. Alipima mataya, kisha akapapasa tumbo la mtoto, akakuta uvimbe na huko. Aliporudi Mulago alifungua madaftari ya hospitali, akaona kwamba watoto wa namna hii si wawili tu. Mwaka 1958 aliandika habari hiyo ili madaktari wa nchi nyingine waisome. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams wa Kuluva karibu na Arua, na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu wakasafiri kama kilomita 16,000 katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kila hospitali walionyesha picha na kuuliza, "Mmewaona watoto kama hawa?" Kwa njia hiyo ikajulikana kwamba ugonjwa huo umeenea katika sehemu zenye joto na mvua, kule kule malaria iliko. Mwaka 1964 wataalamu huko London waligundua virusi vipya katika vipande vya uvimbe wa aina hiyo vilivyotoka Uganda. Ni saratani, nayo mpaka leo inaitwa kwa jina la Burkitt. Mwaka 1967 kituo cha kuwatibu watoto hao kilianzishwa pale Mulago, nacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mtoto akiletwa mapema, dawa zinaweza kumponya kabisa.

Watoto hao walikuwepo kabla ya Burkitt. Hospitali ya Mengo, ambayo mmisionari Albert Cook aliianzisha mwaka 1897, ilikuwa imewaandika katika madaftari yake miaka mingi nyuma. Mama zao waliwaona, majirani waliwaona. Na Burkitt hakuwa na macho kuliko wengine. Alikuwa na jicho moja tu. Lile lingine alilipoteza kwa ajali akiwa na miaka 11. Alikuwa mtu wa maombi na wa Neno, na jicho moja alilobakiwa nalo alilitumia. Wewe na mimi tumepewa mawili.

3. Wote watatu waliona

Katika mfano wa Msamaria, Luka anatuambia kwamba kuhani alimwona mtu aliyepigwa, akapita upande mwingine. Mlawi naye alimwona. Msamaria alimwona. Macho ya wote watatu yalifanya kazi. Tofauti ilikuwa katika miguu: mmoja tu ndiye aliyekaribia.

Nini kinatupitisha kando sisi wakimbizi wa Kampala? Naona mambo manne.

La kwanza ni lile neno "itapita". Tunanunua vidonge viwili duka la dawa, homa inashuka usiku mmoja, tunashukuru, kumbe ugonjwa bado uko.

La pili ni pesa na karatasi. Mama anaogopa kwamba ataombwa kitambulisho, au pesa ambayo hana, kwa maana kitenge kimoja hakikuuzwa siku nzima. Sikilizeni vizuri. Tangu mwaka 2001 vituo vya afya vya serikali ya Uganda vilifutiwa ada, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kupata huduma za umma. Kituo cha Afya cha Kisenyi kiko kati yetu, na wakimbizi wanatibiwa humo. Ndiyo, foleni katika vituo vingi ni ndefu, na pengine utaandikiwa dawa ukanunue nje. Hayo tunayajua. Lakini kupimwa na kujua ugonjwa ni nini, hicho usikikose kwa hofu. Na yule asiye na nauli ya boda usiku, mashemasi wapo. Awagongee mlango bila kuona haya.

La tatu ni lugha. Kwetu Kongo daktari tunamwita munganga. Hapa ukiuliza mganga yuko wapi, mtu anaweza kukupeleka kwa mpiga ramli. Uliza musawo. Jifunze maneno machache ya Kiganda: homa ni omusujja, kikohozi ni ekifuba, kutapika ni okusesema. Ukishindwa kusema, onyesha. Hiyo ndiyo faida ya ishara zinazoonekana. Haziulizi umetoka Bukavu au Bujumbura. Na vijana wetu mnaosoma shule hapa na kujua Kiganda, kumsindikiza mama mzee kituoni ni huduma kama kuimba kwaya.

La nne ni kusema "amerogwa". Mwaka 1982, kule Kasensero katika wilaya ya Rakai, kando ya Ziwa Victoria, watu walianza kukonda mpaka kufa. Wote waliona. Wengi walisema ni uchawi wa wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka waliodhulumiwa mali. Jina la ugonjwa likawa Slimu. Madaktari waliandika habari zake mwaka 1985, nasi leo tunajua ulikuwa UKIMWI. Wakati watu wakimtafuta mchawi, ugonjwa uliendelea kuingia nyumba kwa nyumba.

Msifikiri hayo ni ya zamani tu. Kijana mmoja baba wa watoto watatu, katika mtaa wetu, aliamka asubuhi mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea, maneno hayatoki sawasawa. Majirani wakasema ametupiwa kitu. Siku tatu alizungushwa kwa watu wa kutoa mapepo. Alipofikishwa hospitali wakasema ni kiharusi, na saa za kwanza, zile zenye faida kubwa, zilikuwa zimekwisha. Anaishi, Mungu ashukuriwe, lakini mkono ule haujarudi, na alikuwa fundi viatu.

Na watoto wetu wachanga? Mtoto anaharisha na ana homa, mtu anasema ni meno ya uongo, yale ambayo hapa wanayaita ebinyo, na fizi ya mtoto inachokolewa kwa kitu chenye ncha. Mama zangu, hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Yale ni meno yake ya kweli ambayo bado hayajatoka. Mtoto anaondoka na damu, na maradhi yaliyomleta yanabaki palepale.

4. Hezekia aliomba, kisha akawekewa tini

Wengine watauliza: Mchungaji, je, unatufundisha kuacha maombi? Hasha! Someni 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia ni mgonjwa wa kufa. Anageuza uso ukutani, anaomba, analia. Mungu anasikia na kumwongezea miaka 15. Na katika habari hiyo hiyo nabii Isaya anaagiza waletwe tini, ziwekwe juu ya jipu. Ahadi imetoka mbinguni, na dawa imetoka shambani. Isaya hakuona kwamba moja inaitukana nyingine. Nasi tusisahau kwamba mwandishi wa Injili tuliyoisoma, Luka, alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14).

Mama mmoja wa ushirika wetu alikuja mlangoni saa tano usiku akiomba mtoto wake aombewe. Alikuwa na kikohozi siku mbili. Bibi wa mtoto alikuwa amefuatana naye, na yeye ndiye aliyeinua shati la mtoto akasema, "Tazameni hapa." Kila mtoto alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua ilibonyea kuingia ndani. Tuliweka mikono juu yake, tukaomba maneno machache, na boda ilikuwa tayari nje kabla hatujasema Amina. Ilikuwa nimonia. Leo mtoto yule anakimbia kati ya viti wakati wa mahubiri, nami simkemei.

Bibi yule hakusoma. Lakini alitazama, na alilolitazama alilisema.

5. Mambo ya kutazama nyumbani

Kateni ukurasa huu mkaubandike ukutani. Haya ndiyo wahudumu wa afya wanayofundisha.

Kwa mtoto mdogo, ishara nne za hatari zinazotaka aondoke nyumbani saa hiyo hiyo:
- Hawezi kunywa wala kunyonya.
- Anatapika kila kitu.
- Amepata degedege.
- Amelegea sana, au haamki.

Kupumua. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili mpaka mwaka mmoja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka miaka mitano, 40 au zaidi. Na kifua cha chini kikibonyea ndani, usingoje hata kuhesabu.

Kuharisha. Tazama macho kama yameingia ndani, na kwa mtoto mchanga utosi kama umebonyea. Finya ngozi ya tumbo kidogo, kisha iachie. Ikirudi polepole, maji yamepungua mwilini. Utosi uliobonyea si ugonjwa wa kupakwa dawa kichwani, ni kiu. Mpe ORS mara moja, kidogo kidogo, na uendelee kumnyonyesha. Kama ORS haipo, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijazwe kupita ukingo. Kisha nenda kituoni, huku ukimpa njiani.

Chakula kupungua. Mtoto aliyevimba miguu si kwamba amenona. Bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba, hesabu moja, mbili, tatu. Shimo likibaki, ni kwashiorkor. Wale ndugu wa afya wa mtaa, VHT, wana utepe wa kupimia mkono. Chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, na mtoto huyo anahitaji matibabu. Mulago ina kitengo cha Mwanamugimu, na jina hilo kwa Kiganda ni mtoto mwenye afya.

Damu kupungua na manjano. Ngozi yetu nyeusi huficha mambo. Kwa hiyo tazama mahali isipofunika: ndani ya kope la chini, ulimi, viganja. Vikiwa vyeupe, damu ni kidogo, na mara nyingi malaria ndiyo imeila. Weupe wa macho ukiwa wa manjano, nenda ukapimwe.

Usoni kwa mtoto. Taya linalovimba, au jino linalolegea bila sababu. Mboni ya jicho inayong'aa nyeupe kama jicho la paka usiku. Hizi zinaweza kuwa saratani, na mapema ndiyo dawa ya kwanza.

Kwa mama mjamzito: kutokwa na damu; kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu; uso na mikono kuvimba; degedege; chupa kupasuka kabla ya uchungu; homa; mtoto kuacha kucheza tumboni. Lolote kati ya haya, hata moja, ni la kwenda sasa. Akina baba, hili ni letu. Usimwambie mkeo angoje mpaka asubuhi.

Kwa mtu mzima: mdomo kwenda upande, mkono mmoja kulegea, maneno kukwama, vikitokea ghafla. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hasa kikiwa na jasho la usiku, homa na kukonda. Hapo omba upimwe kifua kikuu, ambacho matibabu yake hayalipiwi katika vituo vya serikali. Homa pamoja na shingo iliyokaza. Uvimbe katika ziwa. Kidonda kisichopona.

Neno moja la tahadhari. Kuna magonjwa yasiyo na ishara. Shinikizo la damu mara nyingi halionyeshi kitu mpaka siku linapoangusha mtu. Kwa hiyo asiyeona ishara asijisifu. Akipita karibu na kituo, apimwe.

6. Ishara si hukumu

Sasa turudi kwa yule jirani anayeleta na kuhani anayetazama, kwa maana kuna kosa la upande wa pili. Wako wasioona, na wako wanaoona na kutangaza barabarani. Amekonda, basi ana UKIMWI. Ana vipele, basi mfukuzeni katika nyumba. Ana homa, ametuletea Ebola kutoka Kongo.

Wapendwa, ishara moja ina baba wengi. Homa inaweza kuwa malaria, taifodi, nimonia, au kitu kingine. Ndiyo sababu Ebola ni hatari, kwa kuwa siku zake za kwanza hufanana na malaria. Mwaka 2022 ilianzia Mubende ikafika mpaka Kampala, na watu 55 waliothibitishwa kuwa nayo walikufa kabla haijatangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023. Tarehe 30 Januari 2025 ilitangazwa tena, safari hii mgonjwa wa kwanza aliyejulikana akiwa mhudumu wa afya hapa hapa Kampala. Ilimalizika tarehe 26 Aprili mwaka huo huo. Haikuletwa na mkimbizi. Na haikumalizwa na waliofukuza majirani. Ilimalizwa na waliowatazama wagonjwa, wakawatenga kwa upole, wakahesabu siku 21 za kila aliyewagusa, wakawapima. Someni tena Walawi: kutazama, kuweka kando, kungoja, kutazama tena. Na aliyeonekana safi anafua nguo zake na kurudi kwa watu wake. Msisahau hilo la mwisho. Aliyepona ana mahali pake katika benchi la kanisa.

Basi ukiona ishara kwa jirani yako, usiwe mtangazaji. Mwambie yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini: "Mama Fulani, nimeona jambo, twende wote." Maneno mawili hayo ya mwisho ndiyo Injili. Msamaria hakumwambia majeruhi aende nyumba ya wageni. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akaenda naye.

Wapendwa, sisi ni watu tuliojifunza kusoma ishara. Tulipokuwa kwetu, mbwa wakibweka kwa namna fulani usiku, tulijua. Soko likifungwa mapema, tulijua. Hatukungoja tuone moto juu ya paa. Tulibeba watoto tukakimbia, na ndiyo sababu tuko hai tukisoma jarida hili. Kristo aliwakemea wale waliojua kusoma rangi ya anga wasitambue majira yao (Mathayo 16:2-3). Macho yaliyotuvusha mpaka wa Bunagana yasilale katika chumba kimoja cha Kisenyi, mtoto akipumua vibaya kando yetu.

Tuombe

Ee Bwana, wewe ndiwe uliyeumba jicho. Tufumbue macho tuone mapema, utupe miguu ya kukaribia na kinywa cha kusema kwa upole. Wakumbuke wauguzi na madaktari wa mji huu wanaotupokea. Wafariji waliochelewa na kupoteza wapendwa wao, usiache waonewe na hatia. Walinde watoto wetu, hapa na kambini. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi vya maombi

1. Katika Walawi 13, kuhani alifanya nini alipokuwa hana hakika? Sisi hufanya nini?
2. Kati ya yale mambo manne yanayotupitisha kando, lipi linasumbua nyumba yako?
3. Ni nani katika mtaa wako angeweza kuamshwa saa nane usiku ili awasindikize hospitalini? Je, mmekwisha kuzungumza naye?
4. Kila mmoja ahesabu pumzi za mtoto mmoja mzima wa nyumba kwa dakika moja, akiwa ametulia. Anayejua ya kawaida atatambua isiyo ya kawaida.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote.

Mchungaji wenu,
Kisenyi, Kampala